Je, Mtu Asiye na Hatia Aweza Kukiri Kosa?

Nyama imepungua chunguni. Mama wa nyumbani, aliyeacha vipande saba na sasa anakuta vinne, anawaita watoto wake watatu na kuwasimamisha ukutani, mwiko u mkononi mwake. Wa kwanza anakana huku akimtazama mama yake machoni. Wa pili anakana, tena anaongeza na kiapo. Wa tatu, ambaye tangu kuzaliwa hawezi kustahimili sauti ya ukali, machozi yanamtoka kabla hajaulizwa, na mama anapomsogelea na kumwambia, "Sema kweli, nitakusamehe," anajibu kwa sauti ya chini, "Ni mimi, mama." Anachapwa yeye, na shauri linakwisha. Siku mbili baadaye mifupa inaonekana chini ya godoro la yule wa kwanza. Mama anamwita tena mdogo na kumwuliza kwa nini alijisingizia. Mtoto anashangaa kuulizwa jambo lililo wazi hivyo. "Nilitaka uache kunikasirikia," anasema.

Ni wazazi wachache, wawe wa kambini au wa mtaani, ambao hawajapata kukutana na jambo hili au mfano wake. Lakini mzazi huyo huyo, akitoka nje ya mlango wake na kusikia kwamba kijana fulani amekiri kosa katika kituo cha polisi, husahau yote aliyofundishwa na chungu chake. Hutikisa kichwa na kusema: kama si yeye, angekiri kwa nini?

Juu ya polisi na namna wanavyowahoji watuhumiwa, mna imani tatu zinazozunguka midomoni mwa watu. Ya kwanza ni kwamba mhalifu hasemi kweli mpaka abanwe. Ya pili ni kwamba kila anayekiri kituoni amekiri kwa sababu ya fimbo. Ya tatu ni hii iliyotajwa, kwamba asiye na hatia hawezi kukiri. Imani hizi zinapingana, lakini aghalabu hukaa katika kinywa kimoja bila kugombana. Mtu yule yule anayelalamika Jumatatu kwamba nduguye alishikwa vibaya na polisi, baiskeli yake ikiibwa Jumanne hufika kituoni na kumsihi askari wa zamu awabane vijana wa kijiweni mpaka waiteme.

Mwenye kuumia kwa imani hizi si mshitakiwa peke yake. Mke wa askari husikia maneno kwenye bomba la maji, na mtoto wa askari huyasikia shuleni. Na yule shahidi aliyeona kwa macho yake mwizi akiruka ua, hufunga dirisha na kunyamaza, kwa kuwa ameambiwa kwamba kituoni anayeingia kusema habari za mwingine hutoka na kesi yake mwenyewe. Hapo mpelelezi hubaki bila ushahidi, na asiye na ushahidi hushawishika kulitafuta ungamo.

Kati ya imani hizo tatu, ya tatu ndiyo nzito, maana imewakamata hata watu wenye elimu na vyeo. Habari za watu sita wa Birmingham, huko Uingereza, zinalionyesha jambo hilo kuliko maelezo mengine yoyote.

USIKU WA NOVEMBA 1974

Tarehe 21 Novemba 1974, saa 2 na dakika 17 usiku, bomu lililipuka katika baa iitwayo Mulberry Bush katikati ya mji wa Birmingham. Dakika 10 baadaye likalipuka jingine katika baa ya pili, Tavern in the Town. Watu 21 walikufa, wengi wao wakiwa vijana waliotoka kazini kujiburudisha, na wapatao 200 walijeruhiwa. Zilikuwa siku za vita vya chini kwa chini vya jeshi la siri la Waairishi, IRA. Uingereza nzima iliwaka hasira. Katika muda wa siku 8 tu bunge lilikwisha kupitisha sheria mpya ya kuzuia ugaidi.

Usiku ule ule polisi waliwakamata Waairishi watano waliokaa Birmingham kwa miaka mingi. Walikuwa wamepanda gari moshi kutoka stesheni ya New Street saa 2 kasoro dakika 5, wakielekea bandari ya Heysham ili wavuke bahari kwenda Belfast. Walikuwa wanakwenda kumzika mtu waliyemjua, James McDade, aliyeuawa wiki moja kabla na bomu alilokuwa akilitega mwenyewe katika mji wa Coventry. Wa sita, Hugh Callaghan, alikuwa amewasindikiza stesheni tu. Alikamatwa siku iliyofuata.

Mpelelezi yeyote angewashuku watu hao, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Kushuku ndiyo kazi yake. Mikono yao ilipimwa kwa dawa na mtaalamu wa serikali, naye akasema kwamba wawili kati yao walikuwa wameshika baruti. Kuanzia hapo hakuna tena aliyeuliza "Je, ni wao?" Swali likawa "Watasema lini?" Watu wale walieleza baadaye kwamba walipigwa, walinyimwa usingizi, walitishwa kwa mbwa na kwa bastola, na kuambiwa kwamba wake zao na watoto wao wangeachwa mikononi mwa umati uliojaa hasira. Baada ya siku tatu, wanne kati ya sita walikuwa wametia sahihi maelezo ya kukiri kwamba waliua. Patrick Hill na Gerard Hunter hawakutia sahihi.

Maelezo yale manne yalipingana yenyewe kwa yenyewe juu ya nani aliweka bomu lipi na mahali gani. Katika hali ya kawaida jambo hilo lingemstusha mtu. Lakini mwaka 1975, walipohukumiwa mjini Lancaster mbele ya jaji na jopo la raia 12, maungamo na kile kipimo cha mikono vilitosha. Tarehe 15 Agosti 1975 wote sita walipewa kifungo cha maisha. Michubuko waliyokuwa nayo ilijulikana, lakini polisi walisema imetoka kwa askari wa gereza. Askari wa gereza 14 wakashitakiwa, nao wakaachiliwa. Kwa hiyo watu sita walikuwa na majeraha ambayo, kwa mujibu wa mahakama, hayakutiwa na mtu.

Walipojaribu kuwashitaki polisi kwa madai ya kupigwa, kesi ilifika mwaka 1980 mbele ya Lord Denning, jaji mashuhuri kuliko wote wa Uingereza wa wakati huo. Aliikataa isiendelee. Hoja yake kwa ufupi ilikuwa hii: wakishinda, itakuwa na maana kwamba polisi walipiga watu, wakadanganya chini ya kiapo, na maungamo yakapatikana kwa nguvu, na hilo lingekuwa jambo la kutisha mno hata halifai kuachwa lisikilizwe. Wasomaji na waitazame hoja hiyo kwa makini. Jaji hakusema kwamba jambo lile halikutokea. Alisema kwamba kuliamini ni kuzito mno.

Ukweli ulitoka polepole. Wataalamu walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba kile kipimo cha mikono kingeweza kutoa jibu lile lile kwa mtu aliyeshika vitu vya kawaida kabisa, zikiwemo karata, kwa sababu ya ile rangi ya kung'aa inayopakwa juu yake. Na watu wale watano, ndani ya gari moshi, walikuwa wakicheza karata. Kisha zikachunguzwa karatasi za polisi za mahojiano kwa chombo kinachofichua alama za kalamu zilizobonyea kutoka ukurasa wa juu hadi wa chini, ikaonekana kwamba karatasi zilizodaiwa kuandikwa papo kwa papo hazikuandikwa hivyo. Tarehe 14 Machi 1991 Mahakama ya Rufani iliwaachilia wote sita, baada ya kukaa gerezani miaka 16 na zaidi.

Polisi watatu walifikishwa mahakamani, lakini mwaka 1993 jaji aliisimamisha kesi yao kwa kuona kwamba habari zilikwisha kuenea mno hata haki isingeweza kutendeka. Kikosi cha upelelezi wa makosa makubwa cha mkoa ule kilikuwa kimevunjwa tangu mwaka 1989 kwa malalamiko mengine ya namna hiyo, na pamoja na wenye makosa yakachafuka majina ya askari waliokuwa wamefanya kazi yao kwa uaminifu.

KWA NINI MTU AJISINGIZIE?

Mtu aliyetulia nyumbani kwake, ameshiba na viatu amevua, huona haiwezekani kutia sahihi kifungo chake mwenyewe. Hafikiri kwamba anayehojiwa hayupo katika hali ile. Kwa aliyekesha siku mbili, gereza la mwakani ni jambo la mbali, na usingizi wa usiku huu ni jambo la karibu. Hujiambia kwamba atasema wanalotaka, apumzike, kisha kesho ataeleza kweli mbele ya hakimu na hakimu atamwelewa. Cha ajabu ni kwamba asiye na hatia ndiye mwepesi zaidi wa kufikiri hivyo. Anaamini kwamba kweli haiwezi kupotea.

Wala si lazima iwepo fimbo. Gisli Gudjonsson, mtaalamu wa elimu ya nafsi ambaye vitabu vyake juu ya maungamo ya uongo vinajulikana duniani kote, alikuwa kwanza askari polisi kwao Iceland. Katika miaka ya 1970 alimhoji mtu mmoja aliyetuhumiwa kuiba kipochi cha fedha cha mwanamke aliyekuwa amemtembelea. Mtu yule alikuwa mlevi na hakukumbuka vizuri mambo ya jana yake. Hakupigwa wala hakutishwa. Aliulizwa tu na askari kijana aliyeamini kwamba ndiye mwizi, naye baada ya muda akakubali kwamba lazima ndiye. Baadaye ikagundulika kwamba kipochi hakikuibwa na mtu yeyote; mwenyewe alikuwa hajui alipokiweka. Askari yule kijana aliacha kazi ya polisi akaenda kusoma, na jambo lile akalichunguza maisha yake yote. Alikuwa miongoni mwa wataalamu waliowapima watu wa Birmingham wakiwa gerezani.

Kuna na jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui, na hata askari wazoefu hulisahau. Husemwa: "Lakini huyu alieleza mambo ambayo mwuaji peke yake angeyajua." Hoja hiyo ni nzuri ikiwa kweli aliyajua kabla hajaingia chumbani. Mhoji mwenye haraka huuliza, "Ulimkata kwa lile panga lenye mpini mweusi, sivyo?" Saa tatu baadaye mtuhumiwa anaandika kwamba alitumia panga lenye mpini mweusi, na mhoji, ambaye amekwisha sahau swali lake, anasadiki kwa moyo safi kabisa kwamba amepata siri ya mkosaji. Huko Marekani mwanasheria Brandon Garrett alichunguza kesi 40 za watu waliokiri makosa mazito, kisha vipimo vya vinasaba vikathibitisha kwamba si wao. Katika kesi 38 maungamo yao yalikuwa na mambo ya ndani ya aina hiyo. Mambo hayo hayakutoka kwa mtuhumiwa. Yaliingizwa chumbani na wauliza maswali, mara nyingi bila wao wenyewe kujua.

Sinema nazo zimefanya kazi yao. Katika sinema mpelelezi hupiga meza, hukaribia uso wa mtuhumiwa, huzima sigara, na baada ya dakika mbili ukweli humwagika. Mtazamaji hurudi nyumbani akiamini kwamba ameona ustadi. Huko Marekani palikuwa na bingwa wa kweli wa njia ya kumbana mtu kwa maneno, John Reid wa Chicago, ambaye mbinu zake zilifundishwa kwa polisi wengi sana. Sifa zake zilikua kwa ungamo alilolipata mwaka 1955 kutoka kwa mume mmoja wa mji wa Lincoln, katika jimbo la Nebraska, aliyeshukiwa kumwua mkewe. Mume yule, Darrel Parker, alifungwa. Mwaka 2012 jimbo lilimwomba radhi hadharani na kumlipa fidia, maana mwuaji alikuwa mtu mwingine. Katika sinema sehemu hiyo ya mwisho haionyeshwi.

SHERIA YETU ILISTUKA ZAMANI

Wako wanaodhani kwamba tahadhari juu ya maungamo ni mambo mapya, yaliyoletwa juzi na wageni wa semina. Sivyo. Sheria ya Ushahidi ya Uganda imetokana na ile ya India ya mwaka 1872, na sheria hiyo ya India ilikataza kabisa ungamo lililotolewa kwa askari polisi lisitumiwe dhidi ya mshitakiwa. Mtungaji wake, Mwingereza James Fitzjames Stephen, hakuwa mtu wa huruma nyingi kwa wahalifu. Lakini alikuwa amekwisha kuelezwa na watumishi wazoefu wa India kwamba chanzo cha mateso vituoni si ukatili peke yake bali ni uvivu: ni rahisi zaidi kumtesa mtu kivulini kuliko kuzunguka juani kutafuta ushahidi.

Hapa Uganda ungamo la mtu aliye mikononi mwa polisi halikubaliwi mpaka liwe limetolewa mbele ya hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo cha Mkaguzi Msaidizi au zaidi. Likitokana na nguvu, vitisho au ahadi za kulaghai, halina thamani. Mshitakiwa akilipinga mahakamani, huendeshwa kesi ndani ya kesi, na upande wa mashitaka ndio wenye wajibu wa kuonyesha kwamba lilitolewa kwa hiari. Mwaka 1967, katika shauri la Tuwamoi dhidi ya Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka kanuni ambayo mawakili wa Uganda, Kenya na Tanzania waliitaja kwa miongo mingi: ungamo lililokanwa lipokelewe kwa uangalifu mkubwa, na kwa kawaida hakimu atafute ushahidi mwingine wa kulitegemeza. Majirani zetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi, kwa kutaka afisa anayepokea ungamo asiwe yule anayeipeleleza kesi, na awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshitakiwa.

Juu ya hayo yote ipo Katiba ya mwaka 1995, ambayo imekataza mateso bila kuacha mlango wowote wa udhuru, uwe wa vita au wa hali ya hatari. Ipo na Sheria ya Kuzuia na Kukataza Mateso ya mwaka 2012. Askari na familia zao hawana budi kuijua sheria hii kuliko raia wengine, maana inamgusa mtu binafsi na si ofisi yake. Mwenye kutesa aweza kufungwa hadi miaka 15, na kosa likiwa na uzito zaidi, maisha. Kusema "niliamriwa na mkubwa wangu" si utetezi. Koplo aliyetii amri mbaya atasimama kizimbani yeye mwenyewe, na mkewe ndiye atakayemletea chakula gerezani.

Jambo la lugha nalo lisipuuzwe. Katika nchi hii mtuhumiwa aweza kusema Kilugbara, mhoji akauliza kwa Kiswahili, na karatasi ikaandikwa Kiingereza. Katika kila hatua neno moja huanguka. "Nilikuwapo" hugeuka "nilishiriki", na "nilimsukuma" hugeuka "nilimpiga". Ndiyo maana mahakama zetu zimesisitiza kwamba maelezo yaandikwe kwanza katika lugha aliyoitumia mwenyewe, kisha ndipo yatafsiriwe. Afisa anayelalamika kwamba kazi hiyo ni ndefu anasema kweli, ni ndefu.

Kwa upande wa familia, inafaa kila nyumba ifahamu kwamba mtu akikamatwa, Katiba inataka jamaa yake wa karibu ajulishwe kwa ombi lake mapema iwezekanavyo, na jamaa huyo, wakili wake na daktari wake waruhusiwe kumwona. Tena hana budi kufikishwa mahakamani kabla ya kupita saa 48. Hayo si kuwapiga vita polisi. Mtu aliyeonwa na jamaa yake akiwa mzima hawezi baadaye kuwasingizia askari kwamba walimvunja mkono.

MJERUMANI ASIYEINUA SAUTI

Hapo askari wa upelelezi atauliza, na ana haki ya kuuliza: basi mhalifu mkaidi ahojiwe vipi, kwa kubembelezwa?

Katika Vita vya Pili vya Dunia jeshi la anga la Ujerumani lilikuwa na mhoji mmoja, Hanns Scharff, aliyewahi kuishi Johannesburg akifanya biashara kabla ya vita. Kazi yake ilikuwa kuwahoji marubani wa Kimarekani waliotunguliwa. Kwa desturi za vita, ambazo sasa zimo katika Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949, mateka hana wajibu wa kutaja zaidi ya jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na nambari yake, na marubani wale walikuwa wamefundishwa kunyamaza. Scharff hakumgusa hata mmoja. Aliwakaribisha chai, akatembea nao msituni, akaongea habari za nyumbani kwao. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kusoma kila karatasi iliyohusu kikosi cha mateka wake, hata mateka akaona kwamba huyu anajua yote na hakuna la kumficha.

Siku moja wakubwa wake walitaka kujua kwa nini risasi za Wamarekani wakati mwingine huacha moshi mweupe badala ya mwekundu. Scharff hakuuliza. Alimwambia rubani, kama mtu anayetaja habari iliyokwisha kujulikana, kwamba bila shaka Marekani imepungukiwa na dawa ya rangi nyekundu. Rubani akamsahihisha papo hapo: la, ule moshi mweupe ni ishara ya kumjulisha rubani kwamba risasi zake zinakaribia kwisha. Akaendelea kunywa chai, bila kujua kwamba ametoboa siri.

Scharff hakuwa malaika. Mateka waliogopa kupelekwa kwa Gestapo, naye aliiacha hofu hiyo ifanye kazi. Hata hivyo, baada ya vita jeshi la anga la Marekani lilimwalika aje kuwafundisha maafisa wake, akahamia huko na kuwa fundi wa kutengeneza picha za vijiwe, na hadi leo wataalamu wa mahojiano wanaisomea njia yake.

Waingereza nao walijifunza kwa uchungu. Mwaka 1972, kabla ya mambo ya Birmingham, vijana watatu wa London, mmoja wao akiwa na akili ya mtoto mdogo, walikiri makosa katika kesi ya mauaji ya mtu aitwaye Maxwell Confait, wakafungwa, na mwaka 1975 wakaachiliwa. Uchunguzi uliofuata ulizaa sheria ya mwaka 1984 juu ya madaraka ya polisi, iliyoanza kutumika Januari 1986, na kinasa sauti kikaingizwa katika chumba cha mahojiano. Maafisa wengi walikipinga. Walidhani kwamba watuhumiwa wangenyamaza na wahalifu wangekwenda zao. Baada ya muda waligundua kwamba kinasa sauti kinamlinda askari kuliko mtu mwingine yeyote, maana ule ubishi mahakamani wa "alisema, hakusema" ulipungua sana.

Kanda hizo zilifunua na jambo lingine. John Baldwin, mwalimu wa chuo kikuu huko huko Birmingham, alisikiliza mahojiano mamia na kutoa taarifa yake mwaka 1992. Hakukuta wababe. Alikuta wahoji wasiojitayarisha, wenye wasiwasi, wanaorudia swali moja, na walioingia chumbani wakiwa wamekwisha kuamua. Zaidi ya hayo, waliobadilisha maneno yao kwa sababu ya kubanwa walikuwa wachache mno. Wengi waliokiri walikiri tangu mwanzo, kwa kuwa ushahidi ulikuwa wazi.

Ndipo mwaka 1992 ukatengenezwa utaratibu mpya uitwao PEACE, neno la Kiingereza lenye maana ya amani, ambalo kila herufi yake inasimama badala ya hatua moja: kujitayarisha, kumpokea mtu na kumweleza sababu ya mahojiano, kupata maelezo yake, kuyafunga kwa utaratibu, na kuyapima baadaye. Hatua ya tatu ndiyo yenye maarifa. Mtuhumiwa huachwa aseme habari yake yote tangu mwanzo hadi mwisho bila kukatizwa, hata kama inanuka uongo. Kisha huombwa afafanue. Ushahidi ulioko mkononi hauwekwi mezani kwanza. Mwongo aliyeachwa aseme kwa nusu saa amekwisha kutaja saa, njia, duka, jina la rafiki na rangi ya basi, na kila kimoja cha hivyo mpelelezi aweza kwenda kukihakikisha. Mwongo aliyepigwa kelele husema "sijui" na hakuna cha kuhakikisha.

Njia hii inadai miguu. Baada ya mahojiano lazima mtu aende dukani, aende kituo cha basi, amtafute huyo rafiki. Ni kazi ile ile ya juani aliyoambiwa Stephen kwamba watu waliikwepa.

Mama wa chungu cha nyama naye angeweza kuifuata. Angemketisha kila mtoto peke yake na kumwuliza tu tangu alipotoka shule alikuwa wapi, na nani, na alifanya nini. Na kabla hata ya hapo angetazama chini ya magodoro.

WALIOSAHAULIWA

Katika mazungumzo juu ya watu sita wa Birmingham, aghalabu wanaosahauliwa ni wale 21 waliokufa. Kwa miaka 16 jamaa zao waliambiwa kwamba wauaji wamepatikana na wako gerezani. Waliamini, kama kila mtu alivyoamini. Siku ile ya Machi 1991, wakati sita walipokuwa wakishangiliwa nje ya mahakama, familia hizo zilirudi nyumbani zikiwa hazina mwuaji. Kwa muda wote ule hapakuwa na mtu wa kutafutwa, maana shauri lilihesabiwa kuwa limekwisha.

Mwaka 2019, miaka 44 baada ya mabomu, jopo la raia lililokaa kuchunguza vifo vile lilitamka kwamba watu wote 21 waliuawa kinyume cha sheria. Hakuna mtu aliyepata kuhukumiwa kihalali kwa vifo hivyo. Watatu kati ya wale sita, McIlkenny, Callaghan na Hill, wamekwisha kufariki. Na nje ya stesheni ya New Street, pale pale walipopandia gari moshi watu watano wakiwa na karata zao, mwaka 2018 yaliwekwa makumbusho ya miti mitatu ya chuma, yenye majina ya wale 21.